Mwizi wa Maji

Niliondoka Tunduma asubuhi moja bila kujua naenda wapi, na kilichoniondoa kilikuwa spana. Kwenye uwanja wa maegesho nilikokuwa nalala chini ya trela, matingo wawili, wasaidizi wa madereva wa malori, waligombania gari la nani litangulie kwenye foleni ya mpaka, na mmoja akampasua mwenzake sikio kwa spana ya magurudumu. Damu ikarukia kwenye sufuria ya uji wetu. Aliyepigwa alikaa chini akilishika sikio kama mtu anayeongea na simu. Aliyepiga akajaza kikombe chake, akanywa. Mimi sikuwa na ugomvi na yeyote, ila uji ulinishinda. Nikabeba begi langu, nikatoka hadi barabara kuu, nikasimama upande wa magari yanayorudi nchini.

Fuso tupu lilisimama. Dereva alikuwa mtu wa Singida, mnene, mwenye kofia ya kufuma.

"Unaenda wapi?"

"Unakoenda wewe, mzee."

Alicheka. "Nakwenda kuchota mahindi, ng'ambo ya Itaka huko. Utapakia magunia?"

"Nitapakia."

"Basi panda, mtalii."

Tulipopita Vwawa aliniuliza kwa nini kijana mzima sina shule wala shamba. Nikamwambia ukweli, kwamba shule niliiacha darasa la sita kwa sababu ya picha. Nyumbani kwetu Mbozi palikuwa na kibanda umiza nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa: mabati, mabenchi ya mbao mbichi, televisheni moja juu ya kreti za soda. Kinaitwa umiza kwa sababu kinaumiza matako, shingo na macho, na ukitoka unaumizwa na baba yako. Mtafsiri alikaa pembeni na kipaza sauti, akigeuza Kizungu kuwa Kiswahili papo hapo na kuongeza chumvi ya kwake. Mimi nilikuwa nazipenda picha za namna moja tu, zile ambazo dunia imeshaharibika. Miji imebomoka, jua limekuwa kali au limezimika, serikali inahesabu watu kama mifugo, na kila mtu anamkimbia mwenzake.

"Unapendea nini mambo ya ajabu hayo?" dereva akauliza.

Nadhani nilipenda kuuliza maswali ambayo picha zenyewe haziyaulizi. Nani anafagia miji ile? Nguo zao za ngozi anashona nani? Mama yangu alikuja siku moja kunitoa kibandani kwa kiboko, akasimama mlangoni akaangalia kidogo, kisha akaniuliza, "Hawa watu wanakula nini? Sioni shamba." Alinichapa njia nzima, lakini swali lile nimelibeba mpaka leo. Sijaona picha ya dunia mbovu iliyonijibu.

Kulikuwa na kitu kingine nilichokuwa nakibishia. Karibu kila picha ya aina hiyo ina spika juu ya nguzo. Spika inaongea, na watu wote wanafanya inachosema: wanalala, wanaamka, wanamsaka fulani. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba hapo mtunzi kadanganya. Sisi tumezungukwa na spika. Tunduma spika zinaanza alfajiri: dawa ya panya, dawa ya kunguni, mkutano wa injili, laini za simu, viatu vya mtumba vinanadiwa kwa Kiswahili na kwa Kibemba. Nani anatii? Hata panya hawatii. Nilimweleza dereva hayo yote, naye akaitikia "eeh, eeh" kama mtu anayesikiliza redio, mpaka tukaacha lami pale Mlowo na vumbi likatufumba midomo.

Tulifika kwenye senta moja ndogo kabla ya Itaka. Sitaitaja, maana watu wake si wabaya kuliko watu wa senta nyingine. Ilikuwa siku ya gulio. Injini ilikuwa inatoa mvuke. Dereva akaegesha mbele ya maduka, akanipa dumu la njano.

"Kachote maji ya rejeta. Fanya haraka, nikiona umezubaa nakuacha."

Pampu ya kijiji ilikuwa nyuma, na njia ya kuifikia ilipita ubavuni mwa kibanda umiza. Nilikijua kabla ya kukiona, kwa sababu ya sauti. Spika kubwa ya tarumbeta ilikuwa imefungwa juu ya mlingoti wa mkaratusi mbele ya mlango, imeelekezwa gulioni ili kuvuta wateja, na mtafsiri alikuwa moto. Kutoka kwenye pampu sikuweza kuona chochote, lakini nilisikia kila neno, na ilikuwa picha ya dunia mbovu, tena ambayo sijawahi kuiona.

"Mji huu ndugu zangu hauna mvua, miaka na miaka! Maji yote yako kwenye tangi la mkubwa! Huna alama mkononi, hupati maji! Sasa huyu steling wetu, mnamwona, mama yake mgonjwa, ulimi umekauka kama soli ya kiatu! Alama hana! Atafanyaje?"

Ndani watu waliguna kwa huruma. Steling ni yule mhusika mkuu, yule ambaye kila mwenye kiingilio anajua hafi. Nilijaza dumu taratibu kuliko ilivyohitajika, nikisikiliza. Nilitamani kuingia.

Honi ya fuso ikalia. Halafu nikasikia injini inanguruma na gari linaondoka. Huo ni utani wa madereva. Wanamwondokea tingo polepole ili akimbie, wacheke kwenye kioo. Nikafunga dumu vibaya, nikalibeba begani, nikatimua mbio. Nikatokeza ubavuni mwa kibanda, maji yananimwagikia mgongoni, macho yangu yako kwenye fuso, na juu ya kichwa changu spika ikapasuka:

"Mwizi! Mwizi huyo! Kaiba maji! Kashika dumu, anakimbia nalo! Mwizi! Asiachwe!"

Sikulisikia kama neno linalonihusu. Nilikuwa najua ni picha. Nadhani hata nilitabasamu.

Mguu ulionitega sikuuona. Nilianguka kifudifudi, dumu likaniponyoka, na kabla sijaweka viganja vyangu chini nikapigwa teke la mbavuni lililonigeuza chali. Nikaona anga, halafu nyuso. Zilikuja kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona mahali popote isipokuwa kwenye televisheni. Fundi cherehani alikuwa na rula yake ndefu ya mbao, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akawa ananichapa nayo kwa ubapa usoni, kushoto kulia. Mwanamume mmoja alikuwa na chungwa mdomoni. Alinipiga ngumi bila kulitema, na maji ya chungwa yalinidondokea machoni pamoja na damu yangu. Bodaboda mmoja alivua mnyororo uliokuwa umefunga pikipiki yake. Ule mnyororo ndio uliovunja jino langu la mbele, na nilisikia mlio wake ndani ya fuvu kama mtu anayekata muwa.

"Ni maji ya gari!" nikapiga kelele.

"Kasema maji! Anakiri!"

"Ya gari! Ya rejeta!"

"Na gari pia kaiba! Piga huyo!"

Nikageuka kuangalia fuso. Lilikuwa limesimama mbele kidogo, na nikaona mkono wa dereva dirishani. Halafu mkono ukarudi ndani, gari likaondoka, safari hii bila utani. Simlaumu. Watu wakishawaka, lori la mgeni linachomwa pamoja na mgeni. Lakini mtu pekee aliyejua dumu ni la nani aliondoka nalo begi langu na jina langu.

Walinipiga kwa utulivu wa ajabu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Sikuona chuki. Fundi alikuwa anapumua kama mtu anayepiga pasi. Msichana wa nyanya alichagua jiwe, akaliona dogo, akaliacha, akachukua jingine. Kijana mmoja alikuwa ameinua simu anarekodi na kuwaambia wenzake, "Sogea kidogo, unanikinga." Tofali liliniangukia kwenye goti. Nilijikunja, nikaficha kichwa, nikapigwa kwenye vidole vilivyokificha. Kuna wakati maumivu yaliacha kuja moja moja, yakawa kama joto la jiko, na nikaanza kusikia mambo madogo tu: mbuzi, mtoto analia, spika inaendelea juu, "Mji mzima unamsaka! Kila mwananchi mwema asimame!"

Kisha nikasikia neno nililokuwa nalisubiri kwa hofu. "Petroli."

Palikuwa na meza ya mama mmoja aliyekuwa anauza petroli kwenye chupa za soda, kwa ajili ya pikipiki. Tulikuwa karibu sana na meza hiyo. Mkono mmoja ukachukua chupa. Nilisikia kizibo kinafunguka, na harufu ikafika.

"Wewe!" mama akapiga kelele. "Hapo hapo utachomaje? Huoni mafuta yangu? Mnataka kunilipua mimi na watoto wangu?"

"Mama, ni mwizi huyu."

"Hata awe shetani! Mtoeni hapo! Mkamchomee kule mbele!"

Basi wakatii. Walinishika miguu wakaanza kuniburuza, kichwa changu kikigonga kwenye kokoto, ili wakanichome mahali ambapo sitaharibu biashara ya mtu. Nimefikiri sana juu ya yule mama. Hakunionea huruma hata chembe, na bila yeye nisingekuwa naandika haya.

Kuburuzwa kukatupeleka mpaka mbele ya kibanda umiza, chini ya mlingoti. Mlango ulikuwa umefunguka, na watazamaji walikuwa wanatoka kuangalia kelele za nini. Walikuwa wametoka kumlilia steling. Kijana mrefu aliyekuwa wa kwanza kutoka alikuwa na machozi kabisa, anayapangusa kwa kola.

"Nini?" akauliza.

"Mwizi."

Akanipiga teke la tumboni, machozi yake bado hayajakauka.

Yule wa mnyororo sasa alikuwa ameokota tofali lililoniangukia kwenye goti. Alisimama juu yangu, miguu huku na huku, akaliinua kwa mikono miwili. Nilimwona vizuri, kijana wa umri wangu, ana kovu dogo kwenye nyusi. Sikuomba. Mdomo ulikuwa umejaa damu. Na hapo hapo, kutoka kwenye spika juu ya mlingoti, mtafsiri ambaye alikuwa hajui lolote la huku nje akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Helikopta hiyo! Inashuka! Helikopta imemwona mwizi!"

Watu wote waliangalia juu.

Wote. Fundi, msichana wa nyanya, mwenye simu, mwenye chupa ya petroli, hata huyu wa tofali. Walilikodolea macho anga la mchana lisilo na kitu isipokuwa kunguru wawili. Nilipata nafasi ya kuvuta pumzi moja nzima.

"Iko wapi?" mtu akauliza.

"Nini?"

"Helikopta."

Spika ikaendelea: "Mwizi kaingia kwenye bomba kubwa! Kazama! Anaogelea!" Na mwizi alikuwa hapo chini, amelala kwenye vumbi, hajazama popote. Nikaona nyuso zikishuka kutoka angani, zikaja kwangu, zikapanda tena kwenye spika, zikarudi.

"Kwani huyu kamwibia nani?" fundi akasema. Aliuliza kama mtu aliyeamshwa. "Mwenye maji yuko wapi?"

Watu wakaangaliana. Mwenye maji hakutokea.

"Jamani," mmoja wa watazamaji akasema polepole, "hiyo ni picha. Mwizi yuko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya tivii."

Mtu mmoja akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha pua, na kiliniuma kuliko rula. Kijana wa kovu aliliteremsha tofali, akaliweka chini karibu na sikio langu kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota.

Hakuna aliyekimbia. Nilidhani wangekimbia. Walipungua tu, mmoja mmoja, wakikumbuka bidhaa zao. Mwenye chungwa aliniletea ndala yangu moja, akaiweka miguuni pangu. Msichana wa nyanya akasema pole. Fundi akainama, akanifuta damu machoni kwa kipande cha kitambaa cha suti, akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Lakini na wewe, kwa nini ulikuwa unakimbia?"

Mama wa petroli alileta maji kwenye kikombe. Yalikuwa ya dumu langu. Nikasukutua, nikatema jino.

Mtafsiri alitoka akiwa amekasirika kwamba watu wamemtoka katikati ya picha. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la mvua kwenye jua, kipaza sauti bado mkononi na waya unamfuata. Walipomweleza, alikaa chini vumbini mbele yangu. Ni mimi niliyeanza kuongea, kwa sababu kulikuwa na kitu nilichotaka kukijua, na nikitaka kujua kitu siwezi kusubiri hata mbavu zipone.

"Kwenye picha wanasema mwizi?"

"Hapana, kaka."

"Wanasemaje?"

"Wana neno lao. Kizungu changu mimi ni cha kubahatisha. Neno lile silijui. Niliona tu wakilitamka, mji mzima unageuka na kukimbia upande mmoja. Nikajiuliza, sisi huku neno gani linafanya hivyo? Ukisema moto, watu wanatafuta ndoo. Ukisema nyoka, wanarudi nyuma. Ukisema polisi, kila mtu na njia yake. Neno la kuwakimbiza wote kwa pamoja, upande mmoja, nimelipata hilo tu."

"Umepatia," nikamwambia.

"Nisamehe, kaka."

"Nasema umepatia." Sikuwa namfariji. Miaka yote nilikuwa nabisha kwamba watu hawatii spika, na kumbe nilikuwa nabishana kuhusu spika, wakati jambo lilikuwa kwenye neno.

Akaniambia niingie, nimalizie picha bure. Unaweza kushangaa kwamba niliingia. Sikuwa na pa kwenda, mguu ulikuwa haukunjiki, na nilitaka kujua mwisho wake. Wakanipa benchi la mbele, la wazee, nikakaa nimeshika ubavu. Kijana mrefu aliyenipiga teke alikaa pembeni yangu. Mtafsiri akairudisha picha nyuma, ikaanza tena mahali steling anapofungua bomba la serikali, amevaa matambara, ana chombo cha bati kinachong'aa. Wala hakikuwa dumu.

Ilipofika pale, mtafsiri alisita. Kwenye kioo mwanamke mmoja aliinua kidole, akafungua mdomo, na mji ukageuka. Mtafsiri akasema kwa sauti ndogo, "Yule pale... mtu wa maji..."

"Sema mwizi!" wakapiga kelele kutoka nyuma.

"Picha inapoa hiyo!"

"Kimyeni, mwenyewe yupo humu!"

Kibanda kizima kikacheka, na mimi nikacheka, nikaumia, nikaacha.

Nimeangalia picha za namna hiyo nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na siku zote macho yangu yalikuwa kwa steling. Siku ile kwa mara ya kwanza niliwaangalia wale wa nyuma. Watu wa umati, ambao mtunzi hakuwapa hata jina. Kulikuwa na mwanamke amebeba mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapapasa chini kutafuta jiwe. Kulikuwa na mzee aliyekimbia huku anafunga vifungo vya shati. Mmoja alikuwa anatafuna. Nikajikuta namtafuta fundi cherehani katikati yao. Kila wakati nilidhani kwamba katika picha hizo ubaya uko kwa mkubwa wa tangi, yule mwenye suti nyeupe na mbwa. Mkubwa hakuwepo barabarani. Alikuwa anakula. Nilimwona anakula, na nilikumbuka swali la mama.

Mwishoni walimkamata steling. Walimpiga risasi pembeni ya tangi, na zilizomkosa zikatoboa bati, maji yakaruka kama mapazia. Umati ukamsahau. Walianza kukinga maji kwa vyombo, kwa kofia, kwa midomo, wakimruka pale alipolala. Kisha picha ikawa nyeusi na majina yakaanza kupanda.

Mtu mmoja mwenye hasira akatupa ganda la karanga kwenye televisheni.

"Steling hafi!" mwingine akalalamika.

Mtafsiri alijua kazi yake. "Nani kasema kafa? Kazimia huyo! Sehemu ya pili anaamka, anawatafuta mmoja mmoja!"

Watu wakapumua. Mimi nilikuwa nimeyaona macho ya steling, na hayakuwa ya kuamka. Kijana mrefu akanigusa bega kwa heshima.

"Braza, si umeona? Wewe mwenyewe mbona hujafa?"

Nje, kijana wa kovu alikuwa ananisubiri na pikipiki. Mnyororo alikuwa ameurudisha kwenye gurudumu.

"Nina mzigo wa kupeleka Mkwajuni," alisema, haniangalii. "Kule kuna zahanati na gesti. Hapa huwezi kulala. Wapo waliosikia kwamba kuna mwizi, lakini hawajasikia kwamba si mwizi. Habari ya pili huwa haitembei."

Alisema kweli. Nikapanda nyuma, juu ya mzigo wa mashati ya wachimbaji. Njia ilishuka kutoka kwenye baridi ya migomba na kahawa, ikaingia kwenye joto la miiba na vumbi jekundu, na kila shimo lilinipiga upya mahali palepale.

"Mimi nilikupiga mara mbili tu," akasema ghafla, akigeuza kichwa nusu.

"Ya mnyororo ni moja. Ya pili ipi?"

"Ya mgongoni. Hukuisikia?"

"Zilikuwa nyingi."

Akaendesha kidogo. "Na lile tofali ningelishusha."

"Najua."

"Hapana, nataka ujue. Ningelishusha kabisa. Sikuwa natisha."

"Nilikuwa nakuangalia usoni, mwanangu. Najua."

Tulipovuka mto alisimama, akanisaidia kunawa. Kwenye kioo cha pikipiki niliona uso wangu kwa mara ya kwanza. Jicho moja lilikuwa limefumba, mdomo umehamia upande, na alama za rula zimejipanga shavuni. Nimewahi kuziona nyuso za namna hiyo, Tunduma, Mlowo, kwenye malori, na kila nilipoziona nilijisemea, huyu kaiba nini? Sikuwahi kujiuliza vinginevyo. Sasa nilikuwa nimeuvaa uso wenyewe, na yeyote atakayeniona angeusoma hivyohivyo.

Mkwajuni tuliingia jua likiwa limelala. Pikipiki zilikuwa nyingi kuliko watu, na vijana wa migodini walikuwa wanarudi, wameshika nyundo, nywele zimejaa unga wa mawe. Zahanati walinishona mdomo na kunifunga goti. Gesti ya kwanza mhudumu aliniona tu, akasema vyumba vimejaa, na milango ilikuwa wazi. Ya pili alifunga dirisha. Ya tatu ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, ina ua wenye kamba za nguo, na mwenyewe alikuwa mama mtu mzima aliyekuwa anapepeta mchele. Aliangalia uso wangu kwa muda mrefu, ungo mkononi.

"Mwanangu, hapa hatulazi wezi. Nina wageni wenye vitu vyao."

"Si mwizi, mama," kijana wa kovu akasema.

"Umemjulia wapi wewe?"

"Nilikuwepo."

"Kuwepo si kitu. Wezi pia huwa wapo."

"Mama, nakwambia huyu hakuiba. Walikosea neno. Ilikuwa spika ya picha."

"Wewe umejuaje wamekosea?"

Akavua kofia yake ya pikipiki. Nilidhani atasema kitu kingine. Pale ndipo angeweza kunipoteza kabisa, kwa uongo mmoja mdogo wa kujitetea, na mimi ningelala barabarani na uso ule.

"Kwa sababu nilimpiga mimi mwenyewe," alisema. "Nusura nimuue. Halafu tukatafuta mwenye kuibiwa, hatukumpata."

Mama aliweka ungo chini. Alimwangalia yeye kama alivyokuwa ameniangalia mimi, bila haraka, kutoka viatu hadi kovu. Kisha akatoa fungu la funguo kiunoni.

"Huyu atalala chumba cha mwisho, karibu na bafu, asitembee sana. Na wewe?"

"Mimi silali, mama. Narudi."

"Ndiyo, rudi. Wewe ndiye ambaye nisingekulaza."

Kijana wa kovu aliondoka bila kuniaga, akasukuma pikipiki hadi nje ya ua kabla ya kuiwasha. Mama akanitangulia ukumbini. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, chandarua kilichofungwa fundo, na dirisha dogo ambalo kupitia kwake wachimbaji wawili walikuwa wanasikika wakibishana nani kachukua kijiko cha mwenzake. Aliniletea beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akaliweka chini polepole yasimwagike.

"Utakaa siku ngapi?"

"Mpaka uso uonekane wangu, mama."

"Hizo ni nyingi," akasema. Akakunjua chandarua, akanionyesha mahali pa kutundika shati, akaniachia ufunguo.